Fundi wa Hita Niliyemsingizia

Habari za kifo chake nilizipata nikiwa nimesimama mbele ya kaunta ya duka la spea mjini Kisii, mkononi nimeshika kipande cha paipu ya hita iliyopasuka. Nilikuwa nimeenda kutafuta nyingine ya ukubwa uleule. Mwenye duka ni mtu wa makamo, wa zile familia za Kihindi ambazo zimekaa mjini humu tangu enzi za babu zao, na Ekegusii anakizungumza vizuri kuliko wajukuu wangu. Aliichukua ile paipu, akaigeuzageuza, kisha akaniuliza kana kwamba anauliza habari za mvua: "Mzee, umesikia fundi wako wa Keumbu ametuacha? Jumanne. Presha." Nikamwambia sina fundi Keumbu. Akavua miwani. "Si yule uliyeandika juu yake kwenye gazeti?" Nikajibu haraka, kwa sababu jibu hilo nimekuwa nalo tayari kwa miaka sita: "Mimi sikumtaja jina." Mwenye duka akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Mzee wangu! Kofia nyekundu ya sufu, kibanda chini ya mti wa mgrivea, anasalimia watu kwa kifundo cha mkono. Jina lingeongeza nini hapo?"

Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba katika safu hii simtaji mtu jina. Nimejisifia jambo hilo mara kadhaa, nikaliita uungwana. Leo pia sitamtaja marehemu, lakini sitaki mtu adhani nafanya hivyo kwa uungwana. Nafanya hivyo kwa sababu nilipomharibia niliweza kumharibia bila jina, na nataka nione kama naweza kumtengenezea kwa njia hiyohiyo. Waliomtambua wakati ule watamtambua na sasa.

Mimi ninaishi juu ya Keroka, upande wa Nyamira, kule ambako chai inafika hadi mlangoni na baridi ya Julai inaingia hata ndani ya sufuria. Nilikuwa karani wa kiwanda cha chai hadi nilipostaafu, na elimu yangu iliishia kidato cha nne. Nina gari dogo la zamani. Mke wangu ana ugonjwa wa pumu, na kila mwezi nampeleka kliniki mjini Kisii. Ni lazima tuondoke alfajiri ili tuwahi foleni, na alfajiri ya kwetu ukungu umelala barabarani kama blanketi ambalo mtu amesahau kulikunja. Kwa hiyo hita ya gari kwetu si anasa. Hita ikiwa dhaifu, kioo cha mbele kinafunga kwa mvuke wa pumzi zenu wenyewe, na unabaki na njia moja tu ya kukisafisha, nayo ni kufungua dirisha. Ukifungua dirisha, unaona barabara vizuri, na mwenye pumu aliyeketi kando yako anaanza kukohoa. Tuliishi hivyo muda mrefu. Mke wangu alikuwa akijifunga shali mbili na kupangusa kioo kwa leso upande wangu na upande wake, huku mimi nikisema, "Tutafika, tutafika."

Nililipeleka gari kwa mafundi wawili. Wa kwanza aliongeza maji. Wa pili aliniambia redieta ndogo ya hita, ile iliyofichwa ndani ya dashibodi, imekufa, hivyo achukue zile paipu mbili aziunganishe, maji yasipitie kwenye hita tena na nisahau habari ya joto. Ndipo mzee mmoja wa kanisa letu akaniambia nijaribu kwa yule wa kofia nyekundu pale Keumbu. Tulisimama kwake asubuhi moja ya Julai tukitoka kliniki. Alikuwa ametoka kunawa, lakini mafuta ya gari yalikuwa yameingia kwenye ngozi yake na hayatoki, kwa hiyo akanipa kifundo cha mkono nimsalimie. Alimpa mke wangu pia. "Mama, naona umejifunga kama mtoto wa siku tatu," akamwambia. Mke wangu akamjibu, "Gari ya huyu mzee ni friji. Tukiweka nyama nyuma inafika nzuri." Wakacheka wote wawili, kisha mke wangu akamweleza habari za pumu yake. Mimi sikucheka.

Hakuanza kufungua kitu. Aliniambia nisizime injini, akaweka kiganja chake kwenye paipu moja inayoingia kwenye hita, kisha kwenye ile inayotoka, akazishika hivyo kwa muda kama daktari anayehesabu mapigo. Halafu akagusa paipu kubwa ya redieta. "Karani," akasema, maana hilo ndilo jina nililojulikana nalo huku, "hita haijafa. Hii inaingia vuguvugu, hii inatoka baridi. Ndani kuna kutu, maji hayapiti vizuri. Lakini shida ya kwanza si hiyo. Hii injini yenyewe haipati joto. Nani alitoa thamostati?"

Kwa wasioijua, thamostati ni kifaa kidogo kama kizibo. Gari likiwa baridi kinafunga njia ya maji ili injini ipate joto upesi, na likishapata joto la kutosha kinafunguka. Madereva wa huku kwetu tuna ugonjwa mmoja: tukinunua gari, jambo la kwanza ni kuitoa thamostati na kuitupa, kwa imani kwamba kilicho ndani ya njia ya maji kitaleta kuchemka. Hatujiulizi kwa nini aliyetengeneza gari alikiweka. Mimi niliitoa yangu mwenyewe, kwa bisibisi na spana, nyuma ya nyumba yangu, nikawaonyesha majirani kama mtu aliyeng'oa jino bovu. Na miaka yote nilijaza redieta maji ya kijito. Lakini fundi aliponiuliza nani aliitoa, nilimwambia, "Nilinunua ikiwa hivyo." Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na alinitazama kwa namna iliyonifahamisha kwamba ameujua. Akasema tu, "Sawa. Basi tutairudisha."

Niliacha gari kwake, nikarudi siku ya pili na mke wangu. Alikuwa ameondoa zile paipu mbili na kuunganisha mpira wa maji upande ule ambao kwa kawaida maji hutokea, ili kusukuma uchafu kwa kinyume. Alitunza uchafu wenyewe ndani ya ndoo anionyeshe: maji mekundu mazito kama chai ya rangi iliyochemka mara tatu. Akaweka thamostati mpya, akajaza ile dawa ya redieta ya rangi ya kijani badala ya maji matupu, akaliegesha gari pua ikiwa juu kwenye kijilima, akaliacha lingurume mfuniko wa redieta ukiwa wazi, hita imefunguliwa hadi mwisho, mpaka mapovu yakaisha na hewa yote ikatoka. Alikaa hapo kwenye kigoda akitazama maji yale kama mtu anayetazama uji usimwagike. Tulipoketi ndani, mke wangu akaweka vidole kwenye matundu ya hewa. "Uuu! Hii ni jiko!" Akavua shali moja. Kisha akavua ya pili. Sikuwa nimemwona bila shali ndani ya gari lile tangu tulinunue.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa ndipo jambo lenyewe lilipo. Kabla hatujaondoka, fundi aliinama kwenye dirisha langu. Mimi nilikuwa natazama simu. Mtu alikuwa amenitumia ujumbe kusifu makala yangu ya wiki ile, na nilikuwa nausoma mara ya pili. Fundi akasema, "Karani, angalia hapa kidogo. Huu mshale wa joto umezoea kuuona umelala chini. Sasa injini itapata joto lake, mshale utapanda ukae katikati. Hapo ndipo pake. Usisimame, usifungue redieta. Ukipita katikati, nipigie." Nikasema, "Sawa, sawa." Akarudia, "Katikati, Karani." Nikasema, "Nimesikia." Na kweli nilisikia. Miaka yote hii nimejaribu kujiambia kwamba sikusikia kwa sababu ya simu. Nilisikia kila neno. Sikulichukua tu kuwa na uzito, kwa sababu lilisemwa na mtu mwenye ovaroli lililoshonwa kiraka cha kitambaa cha maua.

Tulipopita Keroka na kuanza kupanda, mshale ukainuka. Ukafika katikati. Kwa miaka mingi sikuwa nimeuona umetoka chini, nikaamini injini inachemka. Mke wangu akasema, "Si amesema utakaa hapo?" Nami nikamjibu maneno ambayo sikumwomba msamaha kwa ajili yake hadi wiki hii: "Wewe unajua nini kuhusu magari?" Nikasimama. Nikachukua kitambaa, nikafungua mfuniko wa redieta ya gari lililokuwa salama kabisa. Maji ya moto yakaruka yakaniunguza mkono kutoka kiganja hadi kiwiko. Kwa maumivu na kwa hasira, nikashuka mtaroni na kidumu, nikachota maji baridi, nikayamimina yote ndani ya injini yenye moto. Tukasikia mlio mmoja mfupi, kama kikombe kinachopasuka. Silinda hedi, kile kichwa cha injini, ikawa imepasuka. Gari likanyamaza.

Watu walikusanyika, kama ilivyo kawaida yetu. Mmoja akauliza, "Nani aliitengeneza?" Nikasema, fundi wa Keumbu, yule wa kofia nyekundu. "Na hakukuambia kitu?" Mke wangu alikuwa ameushika mkono wangu, anaufunga kwa leso ileile aliyokuwa akipangusia kioo. Nikasema, "Hakuniambia neno." Leso ikasimama. Kisha akaendelea kuufunga. Hakusema kitu mbele ya watu, wala nyumbani hakusema, ila usiku ule alipoleta chakula aliweka sahani mezani na kusema taratibu, "Mimi nilikuwa nimeketi hapo." Akaenda zake jikoni.

Wiki iliyofuata niliandika katika safu hii makala kuhusu mafundi wa barabarani. Wengi wenu mliisoma, na baadhi yenu mlinipigia kunipongeza. Niliandika juu ya watu wanaocheza na maisha ya abiria, wanaofungua wasichokijua, na nikaweka ile kofia, na ule mgrivea, na kile kifundo cha mkono, kwa sababu mwandishi anapenda picha nzuri. Ilikuwa makala iliyoandikwa vizuri. Hilo linaniuma zaidi. Nilichagua maneno, nikafuta, nikaandika tena, nikatafuta sentensi iliyo kali kuliko nyingine, na katika kazi hiyo yote sikuandika sentensi moja ambayo sikujua kwamba msingi wake ni uongo.

Gazeti letu ni dogo, lakini linapita mikono mingi. Linasomwa kwa kinyozi, linafungiwa maandazi, na anayefungua maandazi analisoma tena. Kanisa likahamishia gari lake mjini. Wenye pikapu za kubeba majani ya chai wakaacha kusimama pale. Nilipopita Keumbu baada ya miezi kadhaa, nikaona chini ya mgrivea wilbaro tatu na baiskeli iliyopinduliwa. Mtu ambaye angeweza kuujua ugonjwa wa injini kwa kiganja alikuwa anakaza nati za wilbaro. Niliongeza mwendo.

Nilikutana naye uso kwa uso mara moja tu baada ya hapo, sokoni Keumbu, mke wangu akichagua ndizi. Nilipomwona nilifikiri nigeuke, lakini tayari alikuwa ameinua kifundo cha mkono. "Karani! Mkono ulipona?" Nikauonyesha. Akalitazama lile kovu kwa makini, kama anavyotazama paipu. "Pole. Mvuke ni mbaya." Kisha akamwuliza mke wangu, "Na kifua, mama?" Mke wangu akamwambia kifua kiko vilevile. Akaniuliza, "Hita?" Nikamwambia kwamba baada ya injini kutengenezwa, fundi wa mjini aliitoa tena thamostati, kwa amri yangu. Hakunikemea. Alisema, "Siku ukitaka, ilete. Ni kazi ya asubuhi moja." Nikasema nitaileta. Tulipokuwa tunarudi nyumbani, dirisha likiwa wazi na shali mbili zikiwa mahali pake, mke wangu akasema, "Utaipeleka?" Nikasema, "Tutaona." Fikirini jambo hilo. Nilikubali mke wangu akohoe miaka sita, kwa sababu kurudisha thamostati kulikuwa ni kukiri kwamba mshale ulikuwa mahali pake.

Siku ile dukani, mwenye duka la spea alipomaliza kunifungia paipu, aliniambia jambo ambalo sikulijua. Alisema fundi alikuja mwenyewe kununua ile thamostati yangu. Alipewa moja, akaenda nayo kwa mama wa chai aliyekuwa kando ya duka, akaomba aitumbukize kwenye sufuria ya maji yanayochemka aone kama inafunguka. Haikufunguka. Akarudi akachukua ya pili. Hiyo ilifunguka ikachelewa kufunga. Ya tatu ndiyo aliyoichukua. "Mama wa chai alimfukuza," akasema mwenye duka, "alimwambia, 'Wewe unanipikia vyuma kwenye chai ya watu!' Fundi akamwambia, 'Mama, kuna mgonjwa wa kifua atapanda hii gari.'" Nilichukua paipu yangu nikatoka bila kuaga.

Nilienda mazishini. Kwetu mtu huzikwa nyumbani kwake, na hotuba ni nyingi. Mzee aliyekuwa akiongoza shughuli aliniona, akasema, "Na mwandishi wetu yuko hapa, atuambie neno." Njiani nilikuwa nimejiapiza kwamba nitasema ukweli. Nilishika kipaza sauti, nikaona watu, nikaona mzee wa kanisa aliyenielekeza kwake, nikaona mjane. Nikasema marehemu alikuwa mchapakazi. Nikasema tumempoteza mtu wa watu. Nikarudisha kipaza sauti. Nilipoketi, mke wangu alikuwa anatazama chini, na sikuhitaji kumwuliza anafikiri nini.

Baada ya kaburi kufunikwa, mjane akanijia pale nilipokuwa natafuta fimbo yangu. Ni mwanamke mfupi, sauti yake ya chini. "Karani, asante kwa kuja. Alikuwa anakusoma." Nikamwuliza, hata baada ya yale? "Hata baada ya yale. Gazeti likichelewa, alikuwa anatuma mtu sokoni. Mimi nilimwambia, achana na huyo mtu, anakuchoma halafu bado unamfuata? Akaniambia, 'Huyu mzee alinisikia, na mama alikuwa ameketi hapo. Ataandika ile nyingine.' Basi kila wiki anafungua, anasoma mpaka chini, anakunja, ananiambia, 'Si leo.'" Akarekebisha kitambaa chake kichwani. "Sasa nakuuliza tu, Karani. Ile nyingine uliiandika?"

Nimefikiri sana tangu siku hiyo juu ya kazi yangu na kazi yake. Kazi yake ikiwa mbaya, gari linakataa kwenda na kila mtu anaona. Kazi yangu ikiwa mbaya inaweza kusomwa vizuri, ikasifiwa, ikafungiwa maandazi, na hakuna mshale wa kuonyesha kwamba ndani kuna kitu kimepasuka. Fundi wa barabarani hana safu ya kujibu. Ana kibanda chake na mdomo wa wapita njia, na mimi niliuchukua mdomo huo nikamnyang'anya kibanda. Ninaona tabia hii kwa wengi wetu tuliopata elimu kidogo tukashika ofisi: mtu anatueleza kwa upole jambo analolijua kuliko sisi, nasi tunasema "sawa, sawa" huku tunatazama simu, kwa sababu tumeshaamua kwa nguo zake ana kiasi gani cha kutuambia. Likiharibika, tunasema hatukuambiwa.

Kwa hiyo hii ndiyo ile nyingine. Fundi wa Keumbu aliyevaa kofia nyekundu ya sufu alitengeneza hita ya gari langu vizuri, na hakuacha kosa lolote. Aliniambia mshale utakaa katikati. Aliniambia mara mbili. Aliniambia nisisimame na nisifungue redieta. Nilisimama, nikafungua, nikamimina maji ya mtaroni, nikapasua injini kwa mkono wangu mwenyewe, kisha nikasema na kuandika kwamba hakuniambia neno. Aliyehamisha gari lake kutoka kwa mtu huyo kwa sababu ya maneno yangu alihama kwa uongo. Gazeti hili nitalipeleka kwa mjane kwa mkono wangu, na nitamsomea akitaka. Akinifukuza, atakuwa na haki.

Wiki hii pia nimerudisha thamostati. Jana alfajiri tulienda kliniki. Kioo kilikuwa safi, dirisha limefungwa, na nje ukungu ulikuwa mzito hadi miti ya chai haionekani. Tulipokuwa bado juu ya Keroka mshale ukapanda, ukafika katikati, na mguu wangu ukataka kukanyaga breki. Mke wangu akavua shali, akaiweka magotini. "Mshale umesimama," akasema. Nikamwambia nimeona. Nikamwambia na yale mengine, yote, kuanzia "wewe unajua nini." Alinisikiliza hadi tulipofika Keumbu. Chini ya mgrivea hapakuwa na kitu, hata wilbaro, na mke wangu akaniomba nipunguze mwendo.

Wenzangu mnaoshika kalamu, na ninyi msioshika ila mna ulimi: kama kuna mtu mliyemsingizia, na mnajua, msingoje mpate maneno mazuri. Mwandikieni angali anafungua gazeti.